Jumanne Iliyopita

Nilikuwa na miezi mitatu tu kama karani wa ghala katika bandari ya Kisumu, miaka michache baada ya uhuru, siku Kalasinga mmoja mwenye mashine ya kusaga mahindi alipokuja na lori, kamba nene na wanaume wanne wa kubeba. Ilikuwa Jumanne. Mzee yule alikuwa na kilemba cheupe na ndevu alizozifunga vizuri chini ya kidevu. Alisimama gatini akitazama ziwa. Hakukuwa na meli. Akangoja. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, wanaume wake wakalala chini ya lori. Mwishowe alikuja kwenye dirisha langu akanyoosha kikaratasi.

"Karani, wewe andika hii?"

Nilitambua mwandiko wangu. Nilikuwa nimemwandikia kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa sheria ya ofisi: "Your engine arrive Tuesday."

"Ni mimi, Mzee."

"Leo Jumanne. Injini yangu iko wapi?"

"Iko hapa ndani, Mzee. Imekuwa hapa tangu Jumanne."

"Jumanne gani?"

"Jumanne iliyopita."

Alikikunja kikaratasi akakitia mfukoni. Halafu akageuka akawaambia wale wanaume wanne, kwa Kijaluo kizuri kunishinda mimi, kwamba injini imekaa humu ndani wiki nzima, wakati mashine yake imenyamaza na akina mama wa Kibos wanapeleka mahindi yao kwa watu wengine. Nilifungua ghala. Injini ilikuwa pale pale chini ya turubai, jinsi ilivyoshushwa kutoka meli ya Mwanza. Nilikuwa nimeandika kile kikaratasi Jumatano, siku moja baada ya kufika kwake, na kichwani mwangu nilikuwa nimesema "ilifika". Mkono ndio ulioandika kitu kingine.

Mkuu wa ofisi yetu alikuwa Mmaragoli mrefu, mtu wa kanisa, asiyetukana wala kupaza sauti. Alimwomba mzee msamaha, akamsaidia yeye mwenyewe kufunga kamba kwenye lori, kisha akaniita. Juu ya meza yake alikuwa amepanga vikaratasi vyangu vyote vya miezi mitatu.

"Hapa umeandika meli 'leave' saa mbili. Imeondoka, inaondoka, au itaondoka?"

"Iliondoka, Bwana."

"Na hapa magunia sita ya sukari 'fall' majini. Niite watu wayazuie?"

Makarani wengine wawili waliinamisha vichwa juu ya vitabu vyao. Mabega yao yalikuwa yakitikisika.

"Bwana," mkuu aliniambia, "wewe ni mwaminifu na hesabu yako ya magunia haijakosea hata mara moja. Lakini kila unachoniandikia hapa kimeshatokea, na wewe unakiandika kama kitu ambacho hakijatokea bado. Nakupa hadi mwisho wa mwezi ujao ujifunze wakati uliopita. Ukishindwa, nitakurudisha kwa makuli."

Nilikuwa nimetoka kwa makuli. Nilibeba magunia miaka minne kabla ya kupandishwa, na sikuwa nawadharau, lakini mgongo wangu ulikuwa umeshaonja kiti.

Mtu yeyote angeniambia: nenda nyumbani, mke wako ni mwalimu. Ni kweli. Mke wangu alikuwa akifundisha darasa la tano katika shule moja pale mjini, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kama rula. Tabu ni kwamba nilimpata kwa Kiingereza.

Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa akifundisha Sondu, nami nilikuwa kuli. Nilijua mwalimu hawezi kumtazama kuli mara mbili. Basi rafiki yangu mmoja aliyefika kidato cha pili, karani katika duka la vifaa vya baiskeli, aliniandikia barua. Alizoandika ni kumi na moja. Nilimlipa kwa samaki, ngege waliokaushwa kwa moshi, nikiwaleta kutoka kwetu Uyoma, ufuoni Luanda Kotieno. Mimi nilitia sahihi tu. Mke wangu alizihifadhi barua zile zote ndani ya mkebe wa biskuti, na mara nyingine wageni wakija alikuwa akisema, "Huyu mnayemwona kimya hivi, mngesoma anavyoandika!" Na mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu.

Kwa hiyo nilijaribu peke yangu. Nilinunua kitabu cha sarufi kilichochakaa kwa mchuuzi aliyetandaza vitabu kando ya soko, nikakisoma wakati wa chakula cha mchana nyuma ya ghala. Ukurasa wa kwanza ulinifurahisha sana. Ulisema kwamba kitendo kikipita, unaongeza herufi mbili tu mwishoni, e na d, na kazi imekwisha. Ilikuwa rahisi kuliko kufunga gunia! Sikufungua ukurasa wa pili. Wiki ile niliandika "goed", nikaandika "comed", nikaandika kwamba kuli mmoja "falled" na kwamba mimi mwenyewe "putted" mizigo ghalani. Mkuu alivisoma vikaratasi vile akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Unaendelea," alisema polepole. "Sasa najua angalau kwamba imepita."

Jumamosi alasiri, mke wangu alikuwa mezani akisahihisha insha za darasa lake. Watoto walikuwa wameandika walichofanya wakati wa likizo. Nilichukua daftari moja nikasoma. Mtoto wa miaka kumi na moja alikuwa ameandika ukurasa mzima kuhusu safari ya kwenda kwa nyanya yake, na hakukuwa na alama nyekundu hata moja. Nilikutana na neno ambalo sikulielewa.

"Nyar Sondu," nikasema. Ndivyo nilivyokuwa nikimwita, binti wa Sondu, kama tunavyowaita wake zetu kwa kwao; naye aliniita Wuod Uyoma, mwana wa Uyoma. "Hii 'ate' ni nini?"

Aliinua kichwa. "Unanitania."

"Nauliza tu."

"Ni kula. Alikula. Wuod Uyoma, wewe uliyeniandikia 'ever since I beheld you', unaniuliza 'ate'?"

Nililifunga daftari la mtoto. Aliiweka kalamu chini.

"Basi niambie. 'Beheld' ni nini?"

Neno hilo lilikuwa katika barua ya kwanza. Nilikuwa nimelitia sahihi bila kulijua. Nilitafuta haraka kichwani. Nilijua "hold" ni kushika, na nilikuwa nimesikia "held" mahali fulani.

"Ni kushikwa," nikasema.

"Tangu niliposhikwa na wewe?"

"Ndiyo."

"Ulishikwa na nani? Maana yake ni kuona! Sikukugusa mpaka siku ya harusi!"

Hakucheka. Hapo nikaona hakuna njia nyingine, nikamwambia yote: rafiki, duka la baiskeli, barua kumi na moja, ngege. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda akachukua mkebe wa biskuti, akauweka juu ya kabati, mahali ambapo hakuweza kuufikia bila kupanda kiti.

Kwa siku tatu tuliongea mambo ya chumvi na maji tu. Nilikuwa nikienda kazini nikirudi, nikichota maji bila kuambiwa, nikichanja kuni ambazo hazikuhitaji kuchanjwa. Nilikuwa na hofu kweli. Kurudi kwa makuli ningeweza kuvumilia. Ila yule mwanamke alikuwa akiimba anapopika, na sasa sufuria zilikuwa zikichemka kimya.

Siku ya nne alinikuta nimekaa uani. Aliniletea daftari jipya la shule na penseli iliyochongwa.

"Kila siku ukurasa mmoja," alisema. "Utaniandikia ilivyokuwa, tangu siku ile ya Sondu. Kwa Kiingereza, kwa mkono wako, na kwa wakati uliopita. Nataka kujua niliolewa na nani."

"Nitakosea."

"Nitasahihisha. Ndiyo kazi yangu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza shule tena nikiwa na ndevu. Nilikuwa nikifika nyumbani kama saa kumi na moja jioni, yeye akiwa anatayarisha samaki uani, nami naketi juu ya kinu kilichopinduliwa na daftari magotini. Alikuwa mwalimu mkali lakini alijua kueleza.

"Sikia," aliniambia siku ya kwanza. "Kwa lugha yetu, ukitaka kusema ya jana unatanguliza 'nyoro', ya juzi 'yande', ya leo asubuhi 'nende'. Kwa Kiswahili unapachika 'li' katikati. Mzungu yeye analigeuza neno lenyewe. Mengine yanakubali ile e na d yako. Mengine yanageuka kabisa, hata huyatambui yalivyokuwa. 'Go' inakuwa 'went'. Usiulize kwa nini, hata mimi niliuliza nikachapwa."

"Na 'put'?"

"'Put' haigeuki. Wala 'cut'. Hayo ni maneno yenye kiburi."

Alinifundisha kwa mikono. Akikata samaki, alikuwa akisema anakata, kisha kisu kikitulia ananiuliza amefanya nini. Akimwaga maji, akivunja kijiti, akiwasha moto, hivyo hivyo. Mimi nikiosha sahani, ilibidi nitangaze ninachofanya, na nikimaliza nitangaze nilichofanya. Siku moja sahani iliniponyoka.

"Break!" nikapiga kelele.

"Imeshavunjika! Sema!"

"Broke! Broke!"

Jirani yetu, mama mmoja muuza mandazi, alichungulia juu ya ua akauliza kama tunagombana. Mke wangu alimjibu kwamba hapana, tunasoma. Alikuwa akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi.

Usiku huo, hata kabla ya kula, nilimwandikia ukurasa wa Sondu, wa kweli. Niliandika kwamba nilikuwa nimekwenda kumsalimia shangazi yangu, na mvua ikanikuta sokoni. Kwamba nilimwona mwalimu amesimama kwenye baraza ya duka na rundo la madaftari kifuani, na watoto wake wa darasa wakimpita wakikimbia. Kwamba nilikuwa na gunia tupu nililolikunja pembe likawa kofia ya mvua, kama tufanyavyo makuli, nikalivua nikampelekea. Alilikataa kwa adabu. Niligeuka kwa heshima, hatua tatu, nikateleza kwenye tope nikaanguka chali. Niliandika kwamba niliamka haraka, nikamshukuru Mungu kwa sababu alikuwa ametazama upande mwingine, na kwamba sikumwambia mtu yeyote jambo hilo hadi leo.

Asubuhi nililikuta daftari juu ya meza likiwa limejaa wino mwekundu. "Seed" ilikuwa imekatwa ikaandikwa "saw". "Runned" ilikuwa imekatwa. Makosa yalikuwa kumi na tisa. Lakini pale nilipoandika kwamba nilianguka, nilikuwa nimepatia, "I fell", na pembeni yake, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, alikuwa ameandika: "I saw. I laughed."

Nilisoma maneno hayo manne mara nyingi. Nikaenda nalo daftari jikoni.

"Ulicheka?"

"Nilicheka mpaka nikaangusha madaftari. Ndiyo maana nilijibu barua ya kwanza. Nilijiuliza, mtu anayeanguka vile anawezaje kuandika hivi?" Alinimiminia chai. "Sasa nimejua. Hawezi."

Tulicheka wote, na chai ikamwagika, na akanilazimisha niseme "spilt" kabla ya kunipa kitambaa.

Mwezi uliofuata ulienda vizuri. Nilijaza daftari moja nikaanza la pili. Makosa yalishuka yakawa saba, yakawa matano. Ofisini mkuu alianza kuviweka vikaratasi vyangu kwenye faili badala ya kuvipanga mezani.

Kisha, zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe, ikaja meli kutoka Kendu Bay na ng'ombe.

Walikuwa ng'ombe kama ishirini wa mchinjaji mmoja wa mjini, wakishushwa mmoja mmoja kwenye ngazi ya meli. Wa mwisho alikuwa fahali mwekundu mwenye nundu kubwa. Alikuwa katikati ya ngazi wakati meli ilipopiga honi. Fahali alisimama. Alitazama mbele, akatazama nyuma, kisha akajirusha upande, na ngazi nzima ikalia. Maji yaliruka yakatulowesha sote. Tulidhani amezama. Halafu kichwa kikaibuka, pembe mbili na pua, kikaanza kwenda zake kuelekea kusini.

"Mzuieni!" mchinjaji alilia.

"Nani amzuie?" kuli mmoja aliuliza.

Mkuu alinitazama. "Bwana, mfuate. Huo ni mzigo wetu mpaka utiwe sahihi."

Nilimfuata kwa miguu kando ya ufuo, na mchinjaji nyuma yangu akihema. Fahali aliogelea, akachoka, akatoka kwenye mafunjo, akala majani kidogo, akatuona, akarudi majini. Wavuvi wawili waliokuwa na mtumbwi walijaribu kumtupia kamba, akaupiga mtumbwi pembe, mmoja wao akaingia ziwani na kofia yake. Ilikuwa karibu adhuhuri alipotoka nje kabisa, ufuoni Dunga, katikati ya akina mama walioanika omena, dagaa wa ziwani.

Wale akina mama hawakukimbia. Omena ilikuwa imetandazwa juani mkeka baada ya mkeka, kazi ya usiku mzima ya waume zao, na fahali akapita juu yake akidondosha maji. Walimvamia kwa makapu na miiko. Mama mmoja mnene, aliyevaa leso ya kijani, alimshika kwa kamba ya puani, akaizungusha kwenye mti wa kufungia mashua, akamwambia kwa Kijaluo, "Na wewe, kwenu hakuna adabu?" Fahali alisimama kimya kama mtoto wa shule.

Tulimrudisha mjini kwa miguu, tukapita mbele ya maduka ya Wahindi, wenye maduka wakitoka nje kutazama, mchinjaji akimshika kamba na mimi nikiwa nyuma na kofia ya yule mvuvi ambayo sijui hata ilinifikiaje. Mkuu alikuwa akitungoja langoni.

"Makao makuu watataka ripoti," aliniambia. "Kwa Kiingereza. Kesho saa nne."

Nilikwenda nyumbani nikaandika. Mke wangu alikuwa akisuka mkeka kando yangu. Nilipomaliza nilimsogezea karatasi na kalamu nyekundu. Aliisogeza kalamu kando.

"Leo sisahihishi."

"Angalau tazama 'swim'. Ni 'swam' au ni nyingine?"

"Wewe ulimwona anaogelea. Mimi sikuwepo."

Asubuhi nilisimama mbele ya mkuu mikono ikiwa nyuma. Alivaa miwani akaanza kusoma moyoni. Alifika nusu ya ukurasa nikaona midomo yake imeanza kucheza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alisimama akaisoma kwa sauti, ofisi nzima isikie. Fahali aliruka, "jumped". Aliogelea, "swam". Alikula majani, na "ate" ilikuwa mahali pake. Mvuvi alianguka, "fell". Akina mama wa Dunga walipiga kelele, wakamkamata, "caught", neno nililoliogopa kuliko yote. Alipofika pale nilipoandika kwamba niliamuru fahali arudi bandarini na kwamba "the bull refused", fahali akakataa, makarani wale wawili walilaza vichwa mezani, na mkuu, mtu wa kanisa, alicheka mpaka machozi yakashuka.

"Kosa moja," alisema alipopata pumzi. "Umeandika mama 'hitted' fahali kwa mwiko. Ni 'hit' tu. Haigeuki."

"Ni lenye kiburi, Bwana."

"Kama nini?"

"Kama 'put'. Na 'cut'."

Alilisahihisha neno hilo kwa kalamu yake, akaipiga ripoti muhuri, akaiweka kwenye bahasha ya Nairobi. "Rudi dirishani kwako," akasema. "Kuna watu wanangoja."

Nilitoka mchana nikanunua ngege wawili wakubwa, wabichi, wenye magamba yanayong'aa, nikampelekea mke wangu shuleni. Alikuwa ubaoni. Watoto wa darasa la tano walisimama wote wakanisalimia kwa Kiingereza, nami nikawajibu. Mke wangu aliiweka chaki chini. Aliwatazama samaki mkononi mwangu, akaelewa, akaugeukia ubao upesi ili watoto wasimwone anavyotabasamu.

Habari za ripoti zilifika kwa makuli kabla ya jioni. Siku iliyofuata, wakati wa chakula, watatu kati ya wale niliobeba nao magunia walikuja nyuma ya ghala na chai yao. Walitaka kujua fahali alisemwaje. Kesho yake walikuwa saba. Mmoja alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe aliyefanya kazi pale tangu meli za moshi, na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Nilikuwa nikisema la leo, wao wakiitika la jana: go, went, come, came, carry, carried. Waliyasema kwa mdundo ule ule tuliokuwa tukivutia kamba za meli, wakigonga vikombe vya bati kwenye magoti, na mzee yule akitangulia kila mara, kwa nguvu, hata pale alipokosea.